Mlipaneno, Daraja la Kwanza hadi la Nne

Łódź, Februari. Kiwanda cha nguo kimegeuzwa nyumba za kupanga,
nasi hukutana ghorofa ya tatu, Alhamisi,
pale nyanya yake Kordian alipokuwa akiunga nyuzi zilizokatika.
Mezani kuna mkate mweusi, matango ya siki
na dadu ya pande ishirini iliyomeguka penye saba.

Nilitaka shujaa wa kupiga na kuroga kwa pumzi moja.
Mpiganaji tulikuwa naye. Mchawi tulikuwa naye.
Nilitaka yule wa katikati, anayetabana huku upanga ukishuka,
nikamwandika kwa siku tatu, kwa wino, kwa kiburi.

Jaribio la kwanza
aliliua zimwi la darajani
kabla Kordian hajamaliza kutafuna tango.
"Vizuri," alisema Sulisława wa ofisi ya kodi,
akafunika kalamu yake.
Nilikuwa nimealika watu karamuni, nikala peke yangu.

Nikapunguza. Nikafuta duara la moto.
Nikamnyima ngao, nikaandika: *mara mbili kwa siku*.
Nikaandika: *hulipa kwa damu, alama nne*,
lakini mganga wetu humponya bure;
hiyo si bei, ni nauli ya kwenda na kurudi.

Mimi ni mwoka mikate, nafanya kazi usiku.
Unga kilo moja, chumvi gramu ishirini:
ukikosea, kinywa cha mteja kitakwambia asubuhi.
Saa tisa usiku, mkono ndani ya unga,
nikaipata bei, nikaiandika ukutani kwa kidole cheupe:
ukiita moto kwa neno "mlango",
"mlango" hulitamki tena, wewe mchezaji, hapa mezani,
mpaka shujaa wako alale.
Na kiapo chake nikakitungia:

*Upanga u mkononi, na neno liko kinywani,*
*Nikilitupa vitani, halirudi ulimini,*
*Hadi jua dirishani, linikute kitandani,*
*Nguvu haina thamani, pasipo kuwa mizani.*

Dobrawa alilivuta karatasi.
Miaka miwili amecheza mpiga mishale asiyesema.
Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi;
yeye hujikwaa ulimi kila siku, dukani, kwenye simu,
kwenye jina lake mwenyewe.
Hapo ndipo nilipoona nilichoandika.
Masikio yakaniwaka. Nikanyoosha mkono niichukue.

"Mi-mi-mimi," alisema, akaishika kwa kiganja,
"nalipa tangu darasa la pili.
Angalau hapa na-napata moto."

Usiku ule alitumia "maji", akatumia "kushoto",
akatumia "sasa", na mwisho, kisimani,
akatumia "Kordian",
kisha ikambidi amwonye Kordian.
Alimnyooshea kidole. Akapiga meza. Akanyoosha tena.
"Nyoka?" alisema Kordian. "Kamba? Unataka kamba?
Ah, unataka kusema nirudi ny—"
na Dobrawa akainua mkono kama askari wa barabarani.

Akachukua penseli yangu.
Chini ya daraja la nne, kwa herufi za kubana, akaandika:
*Mwenzake akimmalizia sentensi, uganga unakufa.*

Nilibisha. Nilisema sheria inambana mchezaji mwingine,
nilisema haina hesabu, haina dadu.
Sulisława, ambaye husoma sheria kwa mshahara,
alisema: "Iache."

Tumeicheza mara sita sasa.
Mizani imekaa, ingawa siwezi kuionyesha kwa tarakimu.
Zimwi linakuja, Dobrawa anafungua kinywa,
neno linagonga, linarudi, linagonga,
na meza nzima inangoja,
Kordian akiwa amejaza tango mdomoni makusudi,
macho yamemtoka.

Daraja la tano bado ni jeupe.
Nimeandika tu: *muulize D.*