Chumba Wasichoingia

Zinanijia saa kumi alfajiri, kwenye karakana ya tramu,
zile noti nne za kinanda cha chumba cha kuhifadhia mchezo.
Katowice imelala chini ya theluji yenye vumbi la makaa.
Nafuta kioo kwa kiganja, na koo linaimba lenyewe.

Unakumbuka, Ziemowit? Ghorofa ya saba, zulia la kahawia,
kidhibiti kimoja chenye kitufe kilichonata kwa jamu,
tukipokezana: wewe mapigano, mimi mafumbo.
Tulijua mbwamwitu anakuja kabla hajaonekana,
maana ngoma zilianza chini chini, tu-tu, tu-tu,
vidole vyako vikawa vyeupe, ukaninong'oneza:
"Dobrochna, usipumue."
Sikupumua. Nilikuwa na miaka tisa,
niliutii muziki kuliko nilivyomtii mama.

Dalili ya mvua ni mawingu.
Basi mbona siku ile hapakuwa na ngoma?
Baba alikuwa akimenya viazi. Jokofu likinguruma
kwa sauti ileile ya jana.
Kisu kikalia sakafuni mara moja,
na birika, ambalo halikuambiwa kitu,
likaendelea kuchemka.

Usiku wa baada ya mazishi hukucheza.
Ulimwingiza tu shujaa wetu mdogo chumbani,
ukamsimamisha karibu na taa, ukaweka kidhibiti chini.
Noti nne. Kimya. Noti nne.
Mama alikuja kutukemea: umeme, shule, saa ngapi hizi,
kisha akaketi zuliani na koti lake la kanisani,
akauliza, "Hapa hawaingii?"
"Hapa hawaingii, mama."
Akakaa hadi kukapambazuka.

Sasa uko Gdansk, una mtoto, simu hupigi.
Mimi nabeba wachimbaji, wauguzi, walevi wawili watatu.
Juzi kijana mmoja, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
alikaa nyuma yangu, uso umekunjamana kama risiti ya zamani.
Nikapinda kona, magurudumu yakalia juu ya reli,
na bila kujua nikauanza.
Noti tatu nilizitoa mimi.
Ya nne ilitoka nyuma.

Sikugeuka. Hakusema.
Nilifunga milango polepole, nikaongeza joto,
na kwa vituo vitano
hakikuingia kitu ila baridi na abiria.