Mizani

Miaka kumi na tisa napima malori pale Malaba.
Ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, stakabadhi, haya nenda.
Simenti, mahindi, mitungi ya gesi,
mara moja twiga wa mbao aliyelazwa chali kama mgonjwa.
Nilijua uzito wa kila kitu kiingiacho Uganda
isipokuwa wa kope zangu.

Saa nane mchana zilinishinda.
Namba zinawaka kwenye kioo, nami nimekwenda,
kidevu kifuani, kalamu mkononi,
na lori lenye tani saba za ziada likapita polepole
kama mtu anayepita kando ya kitanda cha mtoto.
Bosi akauliza: Ochwo, umekula ngapi?
Laiti ningekula, ningeshiba.
Nilikuwa nimelala, bosi. Nimelala tu.
Na nani amewahi kuaminiwa kwa hilo?

Usiku nao ulikuwa kazi ya kubeba magunia.
Naamka nimechoka, koo kavu, kichwa kinagonga,
Nyachwo ameketi kitandani, rozari mkononi.
Kukoroma kwako, alisema, nilikuzoea tangu harusi.
Ninachoogopa ni ukinyamaza.
Ukinyamaza naanza Salamu Maria;
nikifika saa ya kufa kwetu na hujarudi,
nakupiga teke.

Kumbe miaka yote hiyo
nilikuwa nikifufuliwa kwa kisigino.

Kampala walinibandika nyaya kichwani, kifuani, kidoleni,
wakaniambia nilale kama nyumbani.
Asubuhi Daktari Kirabira akanionyesha mstari:
milima, milima, kisha uwanda.
Hapa ulikuwa hupumui. Na hapa. Na hapa.
Mara arobaini na moja kwa saa.
Mimi mtu wa mizani, na namba sibishani.
Niliomba tu aipigie muhuri ile karatasi
nimpelekee bosi.

Mashine tuliinunua kwa mkopo wa SACCO na ndama mmoja.
Ya kijivu, ukubwa wa mkate,
bomba refu, barakoa ya mpira puani.
Athieno, mjukuu, akachungulia mlangoni:
Babu amekuwa tembo!
Usiku wa kwanza niliivua mara tatu.
Kupuliziwa hewa na kitu kisichonijua
ni kama kulishwa tonge na mgeni.
Usiku wa nne sikumbuki chochote.
Hiyo ndiyo habari yenyewe: sikumbuki chochote.
Kumekucha, jogoo wa jirani, na Mwamba wa Tororo
uko palepale dirishani, ila safi,
kana kwamba mtu ameufuta vumbi la simenti.

Pumzika, watu walikuwa wakiniambia. Kapumzike, mzee.
Neno lina pumzi ndani yake
na mimi nilikuwa nalipokea bila kulifungua.

Umeme hukatika, bila shaka. Saa tisa usiku
mashine inazimika, mpira unanibana uso,
na Nyachwo, ambaye sasa hulala fofofo kwa mvumo wake,
anaamshwa na kimya.
Kimya kilekile.
Ananifungua mkanda gizani. Teke halihitajiki,
lakini ananipiga, dogo, la mazoea.

Juma lililopita Barasa, dereva wa lile lori,
ameteremsha betri kuukuu mlangoni pangu.
Mzee, siku ile ulinisitiri.
Nikamwambia: nilikuwa nimelala.
Najua, akasema. Ulikuwa ukikoroma hadi barabarani.

Nimeipima: kilo thelathini na nane.
Sijui niiandike wapi,
zawadi, au hongo iliyochelewa njiani.
Iko chini ya kitanda, sijaiunganisha.
Leo mawingu yamejazana upande wa Mbale,
na Nyachwo, bila kuniuliza,
anatafuta koleo.