Vigingi vya Ithungu

Mbambu, umeniuliza ununue ipi,
ile ya kuingia mfukoni au ile yenye shingo ya kufunguliwa,
ukaongeza: nijibu kwa kifupi, bando linaisha.
Kwa kifupi, sijui. Kwa kirefu, keti.

Ninazo zote mbili hapa Kasese, juu ya kabati.
Kubwa ina begi lake, vitambaa vyake, lenzi tatu
zilizolala kila moja kwenye shimo lake
kama watoto wa mwenye nacho.
Ndogo hulala na funguo na sarafu.
Imechubuka pembe; kifuniko cha betri
nimekifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Kubwa ikitoka, watu hunyoosha kola,
bodaboda hupandisha nauli,
mwenyekiti wa kijiji huagiza kiti.
Ndogo ikitoka, mtu huendelea na muhogo wake.

Sasa sikia. Mwezi wa pili nilishuka Katwe, ziwani.
Ziwa lenyewe linanuka yai lililosahauliwa,
na upepo wa chumvi hauna hodi:
ukiifungua kamera ubadilishe lenzi, umeukaribisha ndani.
Nikageuza mgongo, nikajifunika koti
kama mama anayenyonyesha sokoni.
Nilipoibuka, Ithungu, majini hadi kiunoni,
alikuwa amekwisha kucheka kile kicheko nilichokifuata.
"Umemaliza kuivalisha?" akaniuliza.

Nikampiga kwa lenzi ndefu.
Mbambu, picha ile!
Chembe za chumvi juu ya kope, moja moja, za kuhesabika,
na nyuma yake dunia imeyeyuka
kama siagi kikaangoni: waridi kidogo, kijivu kidogo, basi.
Nilijiona fundi.
Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikampelekea.

Akaitazama mbali, akaitazama karibu.
"Huyu ni mimi," akasema. "Vigingi viko wapi?"
Vigingi gani?
"Vyangu! Bwambale anasogeza mpaka usiku,
hatua moja leo, hatua moja wiki ijayo,
kiwanja changu cha chumvi kinakonda nikikiangalia.
Unadhani nilisimama pale kwa ajili ya sura?
Nilidhani jicho nene namna hiyo linaona."

Nikanyamaza. Kisha nikakumbuka ile ndogo:
siku ileile, nikisubiri chai,
nilibonyeza mara moja tu, bila hata kuchungulia.
Kidole changu kimo pembeni, ziwa limeinama,
Ithungu amefumba macho kama anayepiga chafya.
Lakini kila kitu kimo, kikali, kuanzia matope ya mbele
hadi ukingo wa kreta:
vijiti tisa vimesimama mstari,
cha mwisho kimefungwa kipande cha beseni la kijani.
Jicho lake dogo halijui kupendelea.

Alivihesabu kwa ukucha. Mara mbili.

Barazani Bwambale aliisukuma kando.
"Hii ni picha ya kitoto," akasema,
akainyooshea kidole ile ya fremu:
"Picha ni ile pale."
Kesi imeahirishwa hadi Alhamisi.

Usije ukadhani naitukana kubwa.
Usiku wa matanga ya Thembo, kwa taa moja ya kandili,
ndogo iliniletea giza lenye chengachenga.
Kubwa ililiona chozi la shangazi yako
kabla yeye mwenyewe hajalijua.

Na Ithungu? Ile kubwa ameitundika
mkabala na mlango, kwa ajili ya wageni.
Ndogo ameikunja mara nne,
ameifunga kwenye pindo la kanga, pamoja na hela.
Alinilipa chumvi, vikombe viwili, kwa zote,
na hakusema kipi ni cha ipi.

Bando bado lipo?
Alhamisi nashuka tena Katwe.
Begi liko tayari mlangoni, limejaa, zito.
Na jana usiku, sijui kwa nini,
nilikaa nikashona mfuko wa koti.