Nusu ya Ngazi

Fomu inauliza: unamiliki jengo lolote?
Pana visanduku viwili, ndiyo na hapana,
kila kimoja kama ukucha wa mtoto mchanga.
Nimeketi navyo tangu saa nne. Chai imeota utando.

Niandike ndiyo, ila nusu.
Nusu ya nyumba ya mama kule Bethesda ya Welisi,
mji wa machimbo ya mawe, wa mvua, wa makanisa yaliyotiwa kufuli,
ulioazima jina la birika la Injili
walikolala viwete wakingoja maji yatibuke.
Mimi nangojea Bangor, ghorofa ya pili, ya kupanga,
na mgongo niliorithishwa na mashuka ya hospitali,
miaka kumi na tisa nikiyapakua mabichi kutoka mashineni.

Kijana wa ofisini, Prosser, alisema kwa simu,
kwa upole wa mtu asomaye maneno ya mwenziwe:
"Mali ni mali, Bi. Delyth. Ruzuku ina kikomo,
na nyumba ni mtaji."
Mtaji!
Nikamwuliza: nusu ipi?
Mama hakuchora mstari.
Ngazi zina vidato kumi na viwili; nipande sita,
nisimame hewani?
Wangu ni mlango, au bawaba?
Na dirisha la mbele nimwuzie nani,
na ndugu yangu anaonekana ndani yake?

Maana Gwilym yumo.
Yumo tangu azaliwe, hajahama hata chumba.
Ndiye aliyemgeuza mama kitandani majira mawili ya baridi,
ndiye aliyemkata kucha.
Mimi nilikuja Jumapili, na keki.
Haya, mwambie mtu huyo: toka tuuze,
ili dada yako aambiwe ana fedha nyingi mno
za kusaidiwa.

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ni daftari bila mali:
jina langu limo kwenye hati, kwa wino mzuri,
na mita ya umeme hapa inakula sarafu ya mwisho.

Machi akaja mthamini na kipimo cha mwanga.
Akapima sebule, akapima ngazi, akapima banda la makaa,
akamkuta Gwilym jikoni anamenya viazi.
Utahama?
Sihami.
Utatia sahihi kwamba huhami?
Akapangusa mkono kwenye suruali, akaandika jina lake
kwa herufi kubwa, kama za shuleni,
asinitazame.
Kisha akarudi kwenye viazi. Havikuwa vya watu wawili.

Barua ikafuata:
*nusu isiyogawika, yenye mkazi asiyekubali kuondoka,
haina mnunuzi wa kawaida. Thamani: pauni mia tatu.*

Basi nimeshinda.
Ruzuku inarudi kuanzia Jumatatu.
Nikaisoma tena, nimesimama, koti ningali nimelivaa.
Mama, mapazia uliyoyashona kwa mkono,
choo ulichokihamishia ndani baba alipolipwa fidia ya mapafu,
alama za penseli za vimo vyetu kwenye mwimo wa mlango,
mimi juu yake hadi mwaka ule aliponipita,
mia tatu.
Jokofu lina bei zaidi.
Nilicheka, nadhani.
Jirani aligonga ukuta, kwa hiyo yawezekana haikuwa kicheko.

Jana bahasha nyingine, herufi kubwa.
Hakuna salamu. Ankara ya fundi wa paa:
mawe kumi na manne yaliyong'olewa na upepo,
misumari, ngazi ya kukodi, kazi ya siku moja na nusu.
Jumla imepigiwa mstari, ikagawanywa kwa mbili,
hadi senti.

Na chini, kwa penseli:
*Inavuja juu ya chumba chako.*