Penseli ya Rimma

Mezani Kaluga, theluji dirishani,
Rodion kaanza tena kisa chake:
Wamarekani walimwaga mamilioni
kuunda kalamu ya kuandikia angani,
"sisi tukachukua penseli!"
Kicheko. Bilauri zikagongana.

Shangazi Rimma hakucheka.
Miaka kumi na tisa alipangusa paneli za vyombo
kwa brashi ya manyoya ya kindi.
Akatoa penseli mkobani,
akaichonga juu ya chai ya Rodion.

"Unaona? Hapa unga unaanguka.
Kule hauna pa kuangukia:
unaelea, unatafuta jicho,
unatafuta waya."

Akaupuliza wembe.
"Urahisi ni wa msimuliaji.

Na zile kalamu
tulizinunua pia."

Rodion akaitazama chai, nyeusi juu ya weusi,
akainywa hivyo hivyo.