Dohani Moja

Nyumba ya babu iligawanywa kwa msumeno:
upande wa mto ukawa wa baba, upande wa msitu wa ami Oiva.
Ukuta ulipita katikati ya sebule
ukamkata hata samaki aliyechorwa na bibi juu ya dirisha,
kichwa kwetu, mkia kwao.
Dohani tu ndiyo iliyokataa.
Ilisimama pale pale, majiko mawili yakipumua humo,
koo moja la watu wasiosemezana mwaka wa tisa.

Januari ile moshi ulianza kurudi.
Ulitambaa kutoka mlango wa jiko kama paka aliyefukuzwa,
mapazia yakanuka, maziwa yakanuka,
na usiku mmoja dohani ikanguruma,
mngurumo mfupi, wa lori linalopita mbali,
nasi hatuna barabara.
Baba alikesha kitandani amevaa viatu.

Asubuhi akagonga ukuta mara tatu.
Kimya.
Kisha mara tatu, kutoka kule.
Basi tukauacha moto wetu ufe, wakauacha wao,
na baridi, nyuzi ishirini na nane chini ya sufuri,
ikaingia pande zote mbili bila hodi
kwa usawa uliomshinda hakimu wa Kajaani.

Ami akapanda. Tuliisikia theluji ikiporomoka chini ya buti zake.
Baba akapiga magoti kwenye kilango cha masizi, ndoo pajani.
Mpira wa chuma ukashuka na brashi yake
ukikwaruza, ukikwama, ukikohoa.
Yalikuja kwanza masizi makavu, laini kama unga uliochekechwa,
kisha magamba meusi yanayong'aa, lami ya kuni mbichi.
"Misonobari yake hiyo," baba akanung'unika.
Nadhani kule juu pia kuna mtu alisema, "Misonobari yake."
Masizi hayana jina la mwenyewe.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sisi ukuta tulikuwa nao tayari;
kilichobaki kilikuwa kuzibua.

"Teremsha," baba aliyaambia matofali.
"Vuta."
"Imetosha?" — sauti ya ami, mita saba za giza,
mara yangu ya kwanza kujua kwamba ana kigugumizi kama chetu.
"Bado."

Ndoo ya tatu ilipojaa, baba aliingiza uso mzima kilangoni
akauliza, si kwa sauti ya kazi:
"Goti lako je, Oiva?"

Kamba ikasimama.
Nilipenyeza kioo cha kunyolea, nikakielekeza juu,
nikaona sarafu ya mbingu, na kofia ya manyoya imeiziba nusu.
Haikusogea.
Chembe ya masizi ikamwangukia baba jichoni,
naye hakuipangusa.

Kisha brashi ikaanza kushuka tena,
polepole,
mahali palipokwisha kuwa safi.