Uzi ni Uzi

Nilimwambia hivyo Mwalimu Mmbone,
ghorofa ya pili, Barabara ya Luthuli,
mikono imejaa vumbi la mbao na haraka ya Jumamosi:
Uzi ni uzi, mama. Chuma kitadumu.
Nyuzi za nailoni zilikuwa zimeniishia
na sikutaka avuke ngazi aende kwa Gichohi.

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniwasha.

Miezi minne, akarudi nalo limefungwa leso,
akalilaza kaunterini kama mtoto mwenye matubwitubwi:
uso umefura,
daraja limebanduka nyuma, sarafu ya shilingi kumi inapita chini yake,
shingo imekunjama mbele kama ya mtu anayeokota.
Hakunigombeza.
"Fundi," alisema, "limechoka kubeba."

Usiku nililichungulia tumboni
kwa kioo cha kunyolea na tochi ya simu,
nikaona nilichopaswa kukiona kabla ya kunena:
mbavu saba nyembamba, zimetandazwa
kama vidole vya kiganja kinachopokea.
Ndugu zake wa nyuzi za chuma mbavu zao hukatana msalaba,
mabaunsa wale, wamezaliwa kuvutwa.
Na lile jekundu la Otiato wa bendi, pale msumarini,
halina hata tumbo: ubao mzito, sumaku, waya;
stima ikipotea mjini hubaki na sauti ya mbu.
Hili la klasiki liliumbwa kwa nusu ya mvuto.
Nusu!
Nami nikalitwika gunia zima.

Siku tisa za gundi na jiliwa.
Siku tisa za kuona nilichokuwa nikikitazama tu:
shingo pana, bapa, kila kidole kikae bila kumkanyaga jirani;
kichwa chenye madirisha mawili, nyuzi zikiingia humo kulala;
wala hakuna vitone vyeupe vya kuelekeza njia,
mpigaji azijue nyumba zake gizani.

Alipokuja kulichukua aliomba kreti la soda,
akaweka juu yake mguu wa kushoto,
gitaa likapanda hadi karibu na moyo, shingo ikaelekea dirishani.
Nikauona mkono wake wa kulia.
Kucha ndefu, zimesuguliwa kwa msasa laini kuliko wangu.
Za kushoto zimekatwa hadi nyama.
"Pale saluni Kayole," akacheka,
"wanadhani pesa ziliniishia katikati."

Hakutumia kibanzi cha plastiki.
Gumba likashika njia yake chini, polepole,
vidole vitatu vikaongea juu yake, kila kimoja na neno lake,
mtu mmoja, na chumba kina watu wanne.
Nje, maduka ya spika yalikuwa yakishindana,
kila mlango na besi yake, vioo vikitetemeka.
Nilingoja apige kwa nguvu.
Hakupiga kwa nguvu.
Ikabidi nizime mashine, nivue miwani,
nisogeze kigoda, nisogeze tena,
hadi nikasikia ngozi ya kidole
ikiuacha uzi.

Magitaa mengine hukufuata hadi barabarani.
Hili hukaa lilipo. Unakwenda wewe.

Nilikataa pesa. Akaziacha chini ya kopo la gundi.

Jumamosi iliyofuata kijana mmoja akapanda ngazi,
mgongoni gitaa la aina ileile, la mjomba wake,
akataka nyuzi za chuma, zinazong'aa, leo hii, ana harusi Ruai.
Nikamwambia hapana.
Nikamwonyesha mbavu kwenye kioo changu.
Rudi Jumanne, nitakuwa nimepata nailoni.
Akanitazama kama mtu aliyenyimwa maji,
akavuka ngazi,
nami nikasikia, wazi kabisa, juu ya spika zote za Luthuli,
Gichohi akimwambia:
Karibu, kijana. Uzi ni uzi.